Kutibu saratani na kuusahau mkono ni kazi nusu

Saratani inapojadiliwa humu nchini, mjadala aghalabu huzunguka mambo matatu: wagonjwa kuchelewa kufika hospitalini, uhaba wa mitambo ya mionzi, na gharama ya matibabu inayofilisi familia nzima. Mambo hayo ni mazito na wanaoyazungumzia hawakosei. Lakini kuna jambo la nne ambalo halipati nafasi katika hotuba za viongozi wala katika mipango ya hospitali nyingi, nalo ni maisha ya mgonjwa baada ya upasuaji. Mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani hutolewa nyuzi, huruhusiwa kwenda nyumbani, na huhesabiwa miongoni mwa waliofaulu. Wiki chache baadaye kovu huanza kuvuta. Kifua humbana kana kwamba amefungwa mkanda usiofunguka, kwapa hukakamaa, na mkono hukataa kupita usawa wa bega. Hapo ndipo anapoanza kutafuta nafuu, na aghalabu huitafuta peke yake.

Makala haya yanadai kwamba upweke huo haustahili kuwapo. Nafuu iliyo salama ipo, inajulikana, na sehemu yake kubwa haihitaji mtambo wowote wa bei ghali. Kinachokosekana ni utaratibu wa kumfikishia mgonjwa maarifa hayo kabla hajaangukia mikono isiyofaa.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya 42,116 wa saratani, na 6,799 miongoni mwao walikuwa na saratani ya matiti. Upasuaji ni mojawapo ya nguzo za matibabu ya ugonjwa huo. Tukiongeza waliopasuliwa shingo, tumbo, mguu au mkono kwa sababu ya saratani za aina nyingine, tutaona kwamba suala la kovu linalobana limeingia katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani, yakiwemo makao ya walimu na wazazi wa wanafunzi wetu.

Yafaa kwanza tuelewe kinachotokea mwilini. Ngozi inapokatwa, mwili hauwezi kuirudisha kama ilivyokuwa. Huiunga kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Katika ngozi nzima, nyuzi hizo zimesukana huku na huku kama ukili wa mkeka, na ndiyo sababu ngozi hunyumbuka tunapojinyoosha. Katika kovu, nyuzi hizo hurundikana na kulala upande mmoja, hivyo sehemu hiyo huwa ngumu na huvuta. Mwili huendelea kulipanga upya kovu hilo kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Iwapo katika kipindi hicho mkono umefungwa kifuani kwa hofu ya maumivu, kovu hupangika likiwa fupi, na pengine hushikamana na misuli iliyo chini yake. Mgonjwa akipata tiba ya mionzi baada ya upasuaji, ugumu unaweza kuzidi, na wakati mwingine hujitokeza miezi au hata miaka baadaye.

Kuna mambo mengine mawili yanayowatia wagonjwa wasiwasi. La kwanza ni nyuzi nyembamba zinazotutumka chini ya ngozi ya kwapa na pengine kushuka hadi kwenye kiwiko au kifundo cha mkono. Hujitokeza hasa katika wiki za mwanzo baada ya tezi za kwapani kuondolewa, na mgonjwa akiinua mkono huziona zimekaza kama kamba. Wapo wanaodhani ni mishipa iliyojikunja inayohitaji kuvutwa kwa nguvu au kukatwa. Sivyo. Aghalabu hulegea zenyewe baada ya miezi michache, na mazoezi ya taratibu husaidia. La pili ni ganzi. Neva inayopita kwapani kuelekea upande wa ndani wa mkono mara nyingi huguswa au hukatwa wakati wa upasuaji, na mgonjwa akabaki na sehemu isiyohisi joto wala baridi ipasavyo. Jambo hili la ganzi tutalirudia kwa sababu limekuwa chanzo cha madhara mengi.

Historia nayo ina funzo lake. Mwishoni mwa karne ya 19, mpasuaji William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji ulioondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa mkupuo mmoja. Kwa miongo mingi njia hiyo ilifuatwa duniani kote, na wanawake wengi walibaki na vifua vilivyobonyea na mikono isiyoinuka. Katika miaka ya 1970, Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia walianzisha majaribio yaliyobadilisha fikra hizo. Walionyesha kwamba uvimbe ukigunduliwa mapema, kuuondoa wenyewe na kisha kutoa tiba ya mionzi humpa mgonjwa matumaini sawa ya kuishi na kukatwa titi zima. Tangu hapo tiba imeelekea kwenye kuupunguzia mwili majeraha.

Mabadiliko hayo hata hivyo humfaa zaidi aliyegunduliwa mapema na aliye karibu na mtambo wa mionzi. Wengi wa wanawake wetu hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekolea, na kwao kukatwa titi pamoja na tezi za kwapa kungali ndiyo njia inayobaki. Yaani hao hao waliochelewa kwa sababu ya umaskini, umbali au hofu ndio wanaopata makovu makubwa zaidi, na ndio walio mbali zaidi na mtaalamu wa kuwasaidia. Huo ndio udhalimu tunaopaswa kuuona.

Pengine msomaji atasema kwamba mtu aliyeokolewa uhai hana haki ya kulalamikia kovu. Kauli hiyo husikika hata katika kumbi za wagonjwa, nayo huwafanya wanawake wanyamaze. Lakini hebu na tutazame mkono wenyewe hufanya nini. Mkulima huuhitaji kuinulia jembe. Msusi husuka akiwa ameuinua. Mama huuhitaji kutwika ndoo, kuanika nguo na kumbeba mtoto. Mwalimu huuhitaji kuandika ubaoni, tena si mara moja bali vipindi vitano au sita kwa siku. Mwalimu asiyeweza kufikia nusu ya juu ya ubao hulazimika kufundisha kwa kuimla tu, na darasa zima huhisi upungufu huo hata kama halijui sababu yake. Kwa hiyo suala la kovu si suala la urembo. Ni suala la kazi, mshahara na heshima ya mtu.

Tena kuna hoja ya kitabibu ambayo haifai kupuuzwa. Ili kupigwa mionzi ya kifua, mgonjwa kwa kawaida hulazwa chali mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, naye hutakiwa kutulia hivyo hadi kazi ikamilike. Mkono usipoinuka, maandalizi hukwama na tiba hucheleweshwa. Mwaka 2021 WHO ilizindua mpango wa kimataifa kuhusu saratani ya matiti, na miongoni mwa shabaha zake ni kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu yao. Hatuwezi kuifikia shabaha hiyo iwapo tunamtoa mgonjwa katika chumba cha upasuaji na kumfikisha mbele ya mtambo wa mionzi akiwa na bega lililoganda.

Sasa basi, mgonjwa aliyeachwa peke yake huenda wapi? Huenda kwa jirani, kwa muuza dawa wa sokoni, kwa mkandaji, au kwa yeyote anayeahidi nafuu ya haraka. Si haki kuwadharau wote hawa. Ukandaji ni ujuzi wa kale, na mikono ya mkandaji mpole huweza kuliwaza mwili na moyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yenyewe inaitambua tiba ya jadi. Lakini mwili uliopasuliwa kwa sababu ya saratani si sawa na mgongo uliochoka kwa kulima, na kuna mambo manne ambayo ni hatari dhahiri.

La kwanza ni kuchanjwa au kuumikwa kwenye kifua, kwapa au mkono wa upande uliopasuliwa. Tezi za kwapa zikishaondolewa, njia za kusafirisha maji ya limfu katika mkono huo huwa zimepungua. Jeraha dogo tu linaweza kuingiza viini, na maambukizi hayo yakaharibu njia chache zilizobaki. Matokeo yake huweza kuwa mkono unaovimba, na uvimbe wa namna hiyo ukishakita mizizi huwa ni wa kudhibitiwa tu, hauondoki kabisa.

La pili ni joto. Wapo wanaoshauriwa kukanda kovu kwa maji ya moto au chupa iliyojazwa maji yanayochemka. Kwa kuwa sehemu hiyo ina ganzi, mgonjwa huungua bila kuhisi, na huja kuona malengelenge baadaye. Ngozi iliyopigwa mionzi ni dhaifu zaidi.

La tatu ni kuvutwa kwa nguvu. Mkandaji anayelazimisha bega liinuke huku mgonjwa akilia anaweza kuchana kinachojaribu kupona. Maumivu makali si dalili ya kwamba dawa inafanya kazi.

La nne ni mafuta na krimu zinazouzwa bila maelezo ya kilichomo ndani. Hata vitu vinavyosifiwa sana havina budi kupimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 na watafiti wa Miami, Marekani, uliwahusisha wagonjwa 15 waliopaka vitamini E kwenye makovu mapya. Haukuona faida ya maana, na takriban theluthi moja yao walipata muwasho wa ngozi. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, lakini unatosha kutukumbusha kwamba sifa ya dawa si ushahidi wa dawa.

Nafuu iliyo salama huanza mapema na huenda polepole. Katika siku za kwanza, mgonjwa hukunja na kukunjua ngumi, hukunja kiwiko, huzungusha mabega, na huinua mkono kwa upole bila kupita usawa wa bega. Mpasuaji akisharidhika na jeraha, mwendo huongezwa: kutambaza vidole ukutani kuelekea juu, au kulala chali na kuinua fimbo kwa mikono miwili hadi nyuma ya kichwa. Kipimo ni kuhisi kuvutwa bila kuhisi kuchanika. Mazoezi ya dakika chache mara kadhaa kwa siku huzidi kwa faida zoezi moja kali la mwisho wa juma.

Ukandaji wa kovu lenyewe hungoja hadi jeraha lifunge kabisa, magaga yadondoke, na daktari atoe ruhusa. Hapo mgonjwa hutumia ncha za vidole na mafuta mepesi yasiyo na manukato, akalisugua kovu kwa miduara midogo, kisha juu na chini, mwanzo kwa wepesi na baadaye kwa uzito zaidi. Ngozi inayobambuka kwa sababu ya mionzi haikandwi. Kovu likiinuka na kuwa nene, vibandiko vya silikoni huweza kusaidia. Likigeuka keloidi, yaani likakua na kupita mipaka ya jeraha la asili, jambo linalowapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, daktari anaweza kulidunga dawa ya kulipunguza. Kulikata bila tiba nyingine ya kuandamana nako ni kulikaribisha lirudi likiwa kubwa zaidi.

Kuna pia hofu ya kwamba mkono wa upande uliopasuliwa haupaswi kubeba chochote maisha yote. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Kathryn Schmitz na kuchapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Waliofunzwa kuinua uzani kwa kuuongeza hatua kwa hatua, chini ya uangalizi, mikono yao haikuvimba zaidi ya ile ya wenzao ambao hawakufanya hivyo, na walipatwa na matukio machache zaidi ya ugonjwa kuzidi. Kinachohitajika ni mwongozo. Kuukalisha mkono bure kwa hofu huudhoofisha.

Hata hivyo, si kila mbano ni wa kovu. Uvimbe mpya au kipele kigumu kwenye kovu, wekundu unaoenea, joto, homa, usaha, mkono unaovimba ghafla, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yote haya yanamtaka mgonjwa arudi hospitalini bila kukawia. Saratani huweza kurejea mahali palipopasuliwa, na mkandaji hana njia ya kutofautisha uvimbe huo na kovu la kawaida. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na methali hiyo haimhusu mgonjwa wa kwanza tu, inamhusu pia aliyedhani amekwisha kupona.

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya huduma hii ni gharama. Yasemekana kwamba nchi isiyotosheleza dawa za saratani haiwezi kuhangaikia mabega. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama nafuu yenyewe ingekuwa ghali. Jaribio lililofanywa katika vituo 17 vya saratani nchini Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2021, liliwahusisha wanawake 392 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya bega baada ya upasuaji. Waliopewa programu ya mazoezi iliyoongozwa na wataalamu wa fiziotherapia, kuanzia siku ya 7 hadi ya 10, walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko waliopewa vijitabu tu, na programu hiyo ilionekana kuwa na faida ikilinganishwa na gharama yake. Kilichohitajika ni mtaalamu, nafasi ya kukutana naye mara chache, na mgonjwa aliyeelezwa la kufanya. Kwa upande mwingine, mkono uliovimba au bega lililoganda hudai matibabu ya miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatuanzi patupu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani mwaka 2012, na mwaka 2014 likapitisha sheria iliyounda baraza la kuwasajili wataalamu wa fiziotherapia. Vyuo vyetu, kikiwemo Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC), huwafunza wataalamu hao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wa kuzuru nyumba hadi nyumba. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa hazina ya NHIF. Vipande vyote vipo. Kinachosalia ni kuviunganisha.

Mambo matano yangetosha kuanzia. Kwanza, hospitali yoyote inayofanya upasuaji wa saratani ihakikishe mgonjwa ameonana na mtaalamu wa viungo kabla ya kupasuliwa na kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, bega lake likapimwa na kuandikwa katika faili kama linavyoandikwa shinikizo la damu. Pili, mgonjwa apewe karatasi yenye michoro ya mazoezi na dalili za hatari, kwa Kiswahili sanifu na kwa lugha anayoielewa nyumbani. Tatu, serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali zao tangu ugatuzi wa mwaka 2013, ziajiri wataalamu hawa na zisiwaache wote katika miji mikubwa. Nne, wahudumu wa afya ya jamii wafunzwe maswali machache ya kumwuliza mwanamke aliyetoka kupasuliwa: je, mkono unainuka, umevimba, kovu lina uvimbe mpya? Tano, SHA itamke wazi kwamba huduma za viungo baada ya upasuaji wa saratani ni sehemu ya matibabu na inazigharimia kwa ukamilifu.

Shule nazo zina wajibu. Mwalimu mkuu anaweza kumpangia mwalimu anayepona ratiba nyepesi, msaidizi wa kuandika ubaoni, na ruhusa ya kuhudhuria kliniki bila kuonekana mtoro. Tume ya Huduma za Walimu haitapungukiwa na kitu ikiyafanya haya kuwa kanuni badala ya hisani. Wanafunzi wa sayansi wanaosoma habari za ngozi na misuli wanaweza kuelezwa kwamba kovu ni somo lililo hai, na kwamba maarifa hayo huenda yakamfaa mama au shangazi aliye nyumbani. Mwanafunzi anayejua kwa nini maji ya moto hayawekwi kwenye ngozi yenye ganzi anaweza kuzuia jeraha ambalo daktari hatapata nafasi ya kulizuia.

Saratani ya matiti ikishaondolewa kwa kisu, mgonjwa huwa bado na miaka ya kuishi, kulea na kufanya kazi. Miaka hiyo ndiyo sababu ya matibabu yote yaliyotangulia. Wizara ya Afya na serikali za kaunti zinapoandaa mipango na bajeti zao za saratani, hazina budi kuuliza, pamoja na idadi ya waliopona, ni wangapi kati yao wanaoweza kuinua mkono.